Swali Aliloacha Kuuliza

Habari za mume wake, Akeyo alizipata kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumpinga mume huyo hadharani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mvua za Machi zimeanza. Gorreti Akeyo alikuwa sajini wa magereza mjini Jinja, mwanamke mrefu kutoka upande wa Tororo, mwenye sauti ambayo wafungwa wa wadi ya wanawake waliisikia kabla hawajamwona. Mumewe, Yekosofati, alikuwa Mgisu wa Mbale. Walijuana wote wawili wakiwa kwenye sare, kwa hiyo lugha ya nyumba yao tangu mwanzo ikawa Kiswahili. Majirani wasio wa kambini, wakiwasikia wanabishana juu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga, walidhani askari wamekuja kumkamata mtu, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Baadaye Yekosofati aliacha kazi ya magereza, kanisa lake lilipomwita Mbale kuhubiri na kufundisha vijana. Akeyo akabaki Jinja, katika kota za askari, ili binti yao Janepher asikatishwe masomo. Mume alikuja mwisho wa mwezi, na hakuna aliyeona ajabu. Askari wengi waliishi hivyo.

Sifa ya Yekosofati ilikuwa kichwa chake. Siku za Jumamosi, kwenye kiwanja karibu na soko la Mbale, Wakristo na Waislamu walipanga mabenchi, wakaweka meza mbili, wakajadiliana mbele za watu. Mihadhara hiyo ilikuwa kwa Kiswahili, ili Mgisu, Mteso, Mnubi na Msoga wote wasikie. Yekosofati hakupiga kelele kama wengine. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa upole, mpaka mwenzake akajikuta hana pa kwenda. Na katika darasa lake la vijana alikuwa na fundisho moja alilolipenda kuliko yote. Alisema Mungu alitupa akili tumjue yeye, ila akili haikai peke yake ndani ya mtu, inakaa na moyo. Moyo ukishataka uovu, haumwambii mtu kwamba ni uovu; unaituma akili ikatafute sababu. Mtu hatendi mabaya kwa kuwa ni mjinga, alisema. Anatenda mabaya kwanza, kisha anaufanyia kazi ujinga mpaka aupate.

Akeyo aliliamini fundisho hilo kwa sababu alilishuhudia kila siku kazini. Alikuwa amewapokea wanawake langoni wakilia, wakitaja kwa midomo yao walichofanya. Mwaka ukipita, wengine walikuwa na hadithi nyingine kabisa, ambamo marehemu ndiye mkosaji. Nao hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wameshaamini.

Basi siku hiyo askari wa langoni alimwita, akamwambia kuna mgeni. Nje alisimama Sheikh Magidu, mfanyabiashara wa vitambaa, mwembamba, kofia nyeupe kichwani na furushi begani. Ndiye aliyekaa meza ya pili kule Mbale miaka yote. Akeyo alimfahamu. Aliwahi hata kumpikia chakula, siku Yekosofati alipomkaribisha nyumbani baada ya mjadala mkali, wakacheka pamoja kama watoto wa shule.

"Mama Janepher, salamu," Magidu alisema. "Nimekuja Jinja kununua mali. Nikaona si vizuri nipite bila kukusalimu."

"Karibu, Sheikh. Kuna jambo. Huwezi kuja mpaka lango la jela kwa salamu."

Magidu akashusha furushi. "Baba Janepher mgonjwa?"

"Mgonjwa? Alikuwa hapa mwezi uliopita, mzima. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu." Alitazama chini, kisha akaamua. "Mama, mimi na mumeo tumebishana juu ya ndoa zaidi ya ninavyokumbuka. Nikisema dini yetu inaruhusu mke wa pili kwa haki na wazi, yeye ana swali ambalo hunisimamisha palepale. Huniuliza: na huyo mke wa kwanza, aliulizwa? Nikijibu hivi, ananifuata. Nikijibu vile, ananifuata. Watu wake wanapiga makofi, mimi narudi nyumbani nasoma upya. Swali lile ni zuri. Limenisumbua kwa faida yangu."

"Sasa?"

"Sasa haliulizi. Tangu mwaka jana mwishoni. Tukifika hapo analiruka, kama mtu anayeruka mtaro. Mara ya mwisho mimi mwenyewe nilimtegea njia, nikasema, leo hutaniuliza kuhusu mke wa kwanza? Akacheka, akaanza kusema kwamba Mungu hutazama moyo, kwamba mababa wa imani walikuwa na wake wengi. Mama, hayo ni maneno yangu! Yekosofati alikuwa anayabomoa kwa dakika moja."

Akeyo aligeuka kuona kama askari wa langoni anasikia.

"Sijui lolote la nyumbani kwake," Magidu akaendelea, "na sikuja kusengenya. Najua tu kwamba mtu mwenye akili kama ile hasahau hoja yake bora. Anaiacha kwa sababu imeanza kumuuma. Ningekuwa mtu mbaya ningefurahi."

Aliinua furushi lake, akaaga. Akeyo alirudi ndani, akamaliza zamu yake, akawafungia wanawake wadi zao. Mwenzake alimuuliza kama ana homa, maana alirudia kufunga mlango uliokwisha kufungwa. Haikuwa homa.

Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa, akaondoka alfajiri kwenda Mbale akiwa na sare yake, maana hakuwa hata na hamu ya kuchagua nguo. Njia nzima alipanga maneno. Alipofika chumba alichopanga Yekosofati karibu na kanisa, alikuta mlango una kufuli lenye kutu. Mama wa jirani alimtazama sare, akaogopa, akasema upesi upesi kwamba mwalimu haishi hapo tena, anaishi mtaa wa Namatala, kwa Shallon anayekaanga mihogo.

Akeyo alitembea mpaka Namatala. Katika kichwa chake Shallon alishakuwa na sura: mwanamke wa baa, mdomo mwekundu, mwizi wa waume. Alijua atakavyocheka. Alijua hata jibu atakalomjibu. Alimkuta mwanamke mdogo, mweusi, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, ameinama kwenye karai la mafuta kando ya njia. Kwenye kamba nyuma yake zilianikwa shati mbili nyeupe ambazo Akeyo alizinunua mwenyewe.

"Wewe ndiye Shallon?"

"Ndiye mimi, afande. Karibu mihogo."

Akeyo alimshika blauzi kifuani, akamnyanyua. Mkono wa kulia ulikuwa umeshapanda juu. Watu waliokuwa wakinunua walirudi nyuma.

"Unalala na mume wangu, halafu unanikaribisha mihogo!"

"Mume gani? Afande, mume gani?"

"Yekosofati!"

Shallon alimkodolea macho, na machoni mle Akeyo hakuona kicheko alichokitarajia. Aliona mtu anayehesabu kitu upya.

"Wewe ni mama Janepher?" Shallon aliuliza kwa sauti ndogo. "Wewe si ulikwenda kwa ofisa wa Kimaka?"

Mkono wa Akeyo ukabaki hewani.

"Nani amesema?"

"Yeye. Alisema ulimwacha. Alisema una ofisa wa jeshi pale Kimaka, hukohuko Jinja, watu wamekuona kwenye gari lake, na kwamba wewe mwenyewe ulimfukuza. Alisema wazee wa kanisa wanajua, wanasubiri tu muda upite watufungishe ndoa. Tulipiga magoti pamoja, afande, tukakuombea. Mimi nilikuombea urudi kwa Mungu!"

Akeyo alimwachia. Shallon akakaa chini palepale kwenye vumbi, mafuta yanachemka karibu na goti lake, na mmoja wa wanunuzi akaliondoa karai motoni.

Ofisa wa Kimaka. Ilimchukua Akeyo muda kukumbuka, kwa sababu hapakuwa na cha kukumbuka. Mwaka uliotangulia walimzika mwimbaji mwenzao kule Bugembe, penye kanisa lao, yeye na akina mama wa kwaya, na mvua ikawashika barabarani. Gari la jeshi likasimama. Dereva na ofisa mmoja mzee, mpole, wakawapakia wote nyuma, wamelowa chapachapa, wakiimba, wakawashusha njia panda ya Kimaka. Ndiyo hiyo tu. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia Yekosofati, wakacheka jinsi kofia ya mama mmoja ilivyopeperuka. Kutoka kwenye kicheko hicho mwanaume alikwenda akachukua gari, akachukua ofisa, akawatupa akina mama wa kwaya wote nje, akabaki na mke wake mzinzi.

Hapo hasira yake, iliyokuwa imemlenga mwanamke wa mihogo, iligeuka nzima nzima kama ng'ombe anayegeuka zizini. Kidogo ilimtisha pia. Kwa maana aliuona mkono wake. Nusu dakika zaidi, angemvunja meno mtu aliyedanganywa kama yeye, na angekuwa na sababu tayari, ameitengeneza njiani kuja Namatala, imekamilika mpaka rangi ya mdomo.

"Nisamehe kwa blauzi," alisema.

"Yuko kiwanjani," Shallon akajibu bila kuinua uso. "Leo wana mjadala."

Kiwanja kilijaa. Waliokosa benchi walisimama, na vijana wa darasa la Yekosofati walikuwa mbele, wameshika vitabu vyao. Meza ya Wakristo iliongozwa na mzee Lawrence, polisi mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya mihadhara, mtu aliyependa utaratibu kuliko chakula. Yekosofati alikuwa amesimama tayari, suti ya kijivu, mkono mmoja mfukoni. Akeyo alisimama nyuma kabisa. Alikuwa amejiambia atasubiri amalize, amwite pembeni, wazungumze kama watu wazima. Alitaka hivyo kweli.

Zamu ya maswali ilipofika, kijana mmoja Mwislamu, Umar, aliuliza jambo la kawaida tu. Alisema Wakristo wanadai mume mmoja mke mmoja, lakini yeye anawajua Wakristo wengi wenye wanawake wa siri. Je, bora siri au bora wazi?

Zamani Yekosofati angejibu kwamba siri ni dhambi na dhambi haimpi mtu ruhusa ya kuibadilisha sheria. Akeyo alilijua jibu hilo kwa moyo. Sasa alimsikia mumewe akisafisha koo.

"Ndugu yangu Umar, tuwe waangalifu tunaposema siri. Kuna ndoa ya karatasi na kuna ndoa ya roho. Mke anaweza kumwacha mume katika roho, ingawa jina lake bado liko pale. Ameshaondoka. Mungu anaona ameondoka. Je, huyo mume tumwite mzinzi akipata msaidizi wa kumtia nguvu katika kazi ya Bwana? Nawaomba vijana mfikiri kwa kina, msifikiri kama watoto."

Vijana wakaandika.

Kuandika kule ndiko kulikommaliza Akeyo. Si maneno yenyewe. Ni vile vichwa vilivyoinama kwa utii, vinapokea uchafu ule kama walivyopokea mengine yote mema kutoka kinywa kilekile.

"Na mimi nina swali!" alisema.

Sauti ile ya wadi ilivuka kiwanja chote. Watu waligeuka, wakaona sare, na wengine wakaanza kuondoka polepole, kwa sababu katika nchi ile Kiswahili cha ukali kinachotoka kwenye sare kilikuwa na historia yake. Akeyo akatembea katikati yao mpaka mbele. Yekosofati alimwona. Rangi ya uso wake ilibadilika, kisha, na hili Akeyo hakulisahau kamwe, uso ukajipanga tena, kwa ustadi, kama mtu anayefunga tai.

"Mama, maswali yana utaratibu wake," mzee Lawrence alianza.

"Mimi ni Gorreti Akeyo, mke wa huyu. Mke wa kwanza. Naomba mwalimu aniambie: mimi niliulizwa?"

Yekosofati aliutoa mkono mfukoni.

"Umewaambia watu niko na ofisa wa Kimaka. Baba Janepher, nitajie jina lake. Wewe ni mtu wa hoja. Nitajie jina, cheo, siku, aliyeniona. Mfungwa yeyote langoni huulizwa hayo kwanza kabisa. Wewe ulijiuliza?"

"Gorreti," alisema kwa upole wake wote, "hasira inakufanya usifikiri vizuri. Hapa si mahali."

"Hasira?" Akeyo alicheka, kicheko kibaya. "Mimi nina hasira, ndiyo, na karibu nimpige mtu asiye na kosa leo asubuhi, Mungu ananijua. Lakini wewe huna hasira hata kidogo, umetulia kama maji ya mtungi, na tazama unavyofikiri! Unawafundisha watoto wa watu kwamba mke akipanda gari la mvua basi ndoa imekufa rohoni!"

Kelele zikalipuka. Kutoka upande wa Wakristo mtu alipaza sauti kwamba mwanamke huyu amenunuliwa, kwamba hii ni kazi ya Waislamu. Upande wa pili vijana wakaanza kupiga makofi na kuruka, wakiita jina la Magidu, wakisema leo mambo yamekwisha, uongo wa Wakristo umejulikana.

Magidu alisimama. Alisubiri mpaka watu wake wakanyamaza, na haikuwa haraka.

"Kaeni chini," aliwaambia. "Mnashangilia nini? Mtu ameteleza barabarani, ninyi mnasema barabara haipo. Alichokuwa anafundisha huyu zamani sijakishinda mimi wala ninyi, na leo hakijashindwa. Ameshindwa yeye. Mkitaka kunipa ushindi, nipeni ule nilioufanyia kazi. Mimi leo sijadili zaidi." Akakunja kitambaa cha meza yake, akaondoka.

Akeyo alimsikia, na maneno yale yalimgonga mahali. Maana tangu Namatala alikuwa ameanza kujiambia kwamba kila kitu kilikuwa uongo, darasa, mahubiri, sala zao, hata Mungu waliyemwomba. Lilikuwa wazo lenye raha ya ajabu, kama kuvunja vyombo. Lakini halikusimama kama hoja. Fundisho la Yekosofati kuhusu moyo na akili lilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale na suti ya kijivu, ndiye ushahidi wake.

Mchana ule wazee wa kamati walimwita katika ofisi ya kanisa. Yekosofati hakuwepo, walisema anapumzika. Mzee Lawrence alimpa kiti, akamwagiza soda, akaongea kwa uangalifu mkubwa.

"Dada yetu, umeumizwa. Hatukatai. Lakini tazama mbele. Mwalimu ni nguzo ya mihadhara. Tukimsimamisha leo, kesho mji mzima utasema Wakristo wameanguka. Roho ngapi zitapotea? Kwa hiyo tumeona ni hekima kutulia. Arudi kwako kimya kimya, huyu binti wa Namatala tumtafutie mahali, na jambo liishe."

"Mlijua?"

Mzee Lawrence alitazama wenzake. "Tulisikia sikia."

"Mzee, ulikuwa polisi. Mtu akikuletea maelezo kama haya uliyonipa, ungemwachia?"

"Mambo ya Mungu si kama ya polisi."

"Hapana, si kama ya polisi. Yanapaswa kuwa na ukweli zaidi!" Akeyo alisimama, soda hakuigusa. "Mnaogopa watu watasema mmeanguka, kwa hiyo mnakaa chini palepale mlipoangukia mnasema hiki ni kiti. Ninyi ndio mnaowafundisha vijana kufikiri? Na Shallon ni mzigo wa kutafutiwa mahali? Alipiga magoti akaniombea mimi, mimi mzinzi wa Kimaka, wakati ninyi mnasikia sikia!"

Alirudi Jinja jioni hiyo bila kuzungumza na mumewe.

Kilichotokea Mbale baadaye alikisikia kutoka kwa watu. Wazee walikaa kimya kama walivyoona ni hekima, na Jumapili Yekosofati akapanda kuhubiri. Katikati ya ibada Shallon aliingia na beseni kichwani. Ndani yake mlikuwa na shati za mwalimu, zimefuliwa na kupigwa pasi, viatu vyake, na wembe wake wa ndevu. Alilitua beseni mbele ya wazee, akasema, "Nilidanganywa, na nilipoanza kushuku nilikaa, kwa sababu nilitaka kukaa. Hiyo ni dhambi yangu, naitubu. Hivi ni vyake." Akatoka. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kutulia. Kamati ilivunjika, Yekosofati akaondolewa kwenye darasa. Mzee Lawrence aliwalaumu wale wanawake wawili, na akaendelea kuwalaumu.

Yekosofati alikuja Jinja mvua za pili. Amekonda, suti inamning'inia. Akeyo alimkuta amekaa kwenye ngazi ya kota, saa kumi mchana, watoto wa askari wanamzunguka na baiskeli. Hakumkaribisha ndani. Alibaki amesimama, mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya mfungwa.

"Sema."

"Nimezini, na nimekusingizia," alisema.

Akeyo alingoja. Alijua kinachofuata, alikuwa amekisikia langoni kwa miaka mingi, kile kipande cha pili ambamo kosa hupewa wazazi wake, uchovu wake na upweke wake.

"Siku ya kwanza nilipomwambia Shallon habari ya Kimaka nilijua ni uongo," Yekosofati aliendelea. Aliongea polepole, anatafuta maneno, yeye ambaye hakuwahi kuyatafuta. "Nilikuwa nimeshamtaka. Nilihitaji uwe na kosa. Nikausema tena, ukawa na uzito. Nikauombea, Gorreti. Niliuweka kwenye sala. Kufika mwezi wa pili nilikuwa nakukasirikia kweli, nalala nikiona gari hilo. Nilifundisha jambo hili miaka kumi, na lilinipata huku nalifundisha. Sikuona hata kidogo."

"Ulimwona Janepher likizo, kabla hajaenda bwenini. Ulimwambia nini juu yangu?"

Akainamisha kichwa. "Nilimwambia asikuhukumu."

Hasira ilimpanda Akeyo kutoka miguuni mpaka akaona giza. Asikuhukumu! Mtoto amekaa muhula mzima akiamini mama yake ni malaya anayestahili huruma. Aliingia ndani, akakaa jikoni, akashika ukingo wa meza. Aliomba, kama sala ile inaweza kuitwa kuomba: Bwana, nizuie, na usinifanye nijifanye nimesamehe. Kisha akatoka.

"Sikiliza. Kuniambia mimi haitoshi, mimi nilijua. Utakwenda shuleni kwa Janepher, umwambie kama ulivyoniambia, usipunguze. Utakwenda kwa Shallon, mlangoni, mchana, na mtu wa kushuhudia. Utakwenda kwa Sheikh Magidu. Jumapili utasimama Bugembe, mbele ya wale akina mama wa kwaya, kwa sababu uliwafuta kwenye gari ili hadithi yako ikae vizuri."

"Nitakwenda."

"Halafu?" alimuuliza, kwa sababu alitaka kusikia kama anafanya biashara.

"Halafu sijui. Sina haki ya halafu."

Alikwenda. Janepher hakuzungumza naye. Alimgeuzia mgongo akarudi bwenini, na aliandika kwa mama yake mara mbili wiki ile. Shallon alimsikiliza, akarudi kwenye mihogo yake. Magidu alimpa chai. Na Jumapili Bugembe alisimama bila suti, akasema yote, mpaka mvua na wimbo waliouimba nyuma ya gari. Mama mmoja wa kwaya alimtukana waziwazi ndani ya kanisa, na mchungaji hakumzuia. Ilipokwisha, mchungaji alimtazama Akeyo kwa jicho la kumwalika asimame, amkumbatie mumewe, watu washangilie. Akeyo hakusimama. Alikaa kwenye benchi lake mpaka kanisa likaisha watu.

Walirudi kota wakiwa hatua kadhaa mbali mmoja na mwenzake. Alimwonyesha stoo ndogo nyuma ya jiko, alimotandika godoro la zamani la Janepher.

"Utalala hapa. Kwa muda gani, usiniulize."

"Ahsante, mama Janepher."

"Na usinishukuru. Bado nina hasira na wewe, na ninataka niwe nayo mpaka nijue ninachofanya." Alivaa kofia yake ya kazi, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka kando ya mlango. Zamu ya jioni ilikuwa imekaribia. "Chai iko kwenye birika. Ukinywa, osha kikombe."

Akatoka, akashika njia ya gerezani. Nyuma yake alisikia kifuniko cha birika kinafunguliwa.